Darasa Zima Kiziwi

Boti ya Kigoma ilikuwa imeshaachana na gati la Kalemie, maji yamekwisha kujaa katikati, na Mademwazel Hélène alikuwa bado anapaza sauti kutoka juu. Mkono mmoja ulishika chuma cha ukingo, wa pili ulishika kofia, na maneno yake ya Kifaransa yalichukuliwa na upepo kabla hayajafika nchi kavu. Chini gatini Mama Bibiane, mwalimu wa watoto wadogo, alimwitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Majuma matatu ya semina alikuwa akiitikia kwa kichwa, na sasa shingo ilimuuma.

"Anasema nini tena?" aliuliza Papa Adalbert, dirikta wa masomo, yaani mkuu wa shule, aliyekuja bandarini na suti yake ya abakosti ya sikukuu.

"Nafikiri anasema tusiache mutoto nyuma."

"Na chaki? Hakusema kama atatuma chaki?"

"Hakusema."

"Basi, aende salama," akasema dirikta, akageuka kutafuta kivuli.

Hiyo ilikuwa mwaka wa themanini na tano, enzi za Zaire. Mademwazel Hélène alikuwa ametumwa kutoka Ulaya kuwafundisha walimu wa gardiene, yaani masomo ya watoto wadogo ambao bado hawajaingia primere, shule ya msingi. Alileta utafiti wa nchi nyingi: Swidi, Kanada, na visiwa vingine vya mwisho wa dunia. Wenye elimu kubwa walikuwa wameketi na watoto wa kila namna, wa lugha hii na lugha ile, wazima na vilema, wa mjini na wa porini, wakaangalia miaka na miaka, na wakaona kwamba wanaochanganywa wanajifunza vizuri kuliko wanaotengwa. Nyumba ya kila mtoto ionekane darasani. Lugha ya kila mtoto ipewe nafasi. Wa mwisho asiachwe.

Mama Bibiane hakuona ubaya katika maneno hayo. Kilichomchosha ni picha. Katika kila picha walikuwemo watoto kumi na mbili na walimu wawili, na mtoto mmoja amekaa kwenye kigari chake mwenyewe chenye magurudumu yanayong'aa. Yeye alikuwa na watoto hamsini na wawili, ufagio mmoja, na ghala la zamani la reli lenye sakafu ya mbao, lililoinuliwa juu ya mawe ili maji ya mvua yapite chini. Alipouliza utafiti unasema nini juu ya hamsini na wawili, Mademwazel alifikiri kidogo, akamjibu kwamba hilo ni swali zuri sana. Mama Bibiane alizaliwa milimani Moba, akalelewa na masista. Alijua mtu akikuambia swali lako ni zuri sana, usingoje jibu.

Hata hivyo neno moja lilimkaa. Kwamba darasani kazi yoyote isianze mpaka kila mtoto ameelewa inaanza nini. Hilo halikuhitaji kigari wala chaki.

Alipopanda kutoka bandarini, alimkuta mwanamke amekaa kando ya njia, kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, mbele yake, na msichana mdogo ameshika pindo la kitenge chake. Mwanamke alisimama.

"Jambo, mama mwalimu. Miye njo Adolphine, bibi ya Siméon, wale wavuvi wa kutoka Fizi. Nasikia muzungu amekufundisha kupokea kila mutoto."

"Nani amekuambia?"

"Kalemie yote inajua. Huyu njo Emérance. Hasikii. Tangu kuzaliwa hasikii, hata radi."

Mama Bibiane alimwangalia mtoto. Alikuwa na miaka mitano, labda sita, na macho ya kupima watu kama mchuuzi.

"Hasikii kabisa, ama hasikii wewe?"

"Mama, niko na watoto sita. Wale wasionisikia nawajua, ni wale watano. Huyu njo hasikii."

"Nina watoto hamsini na wawili, Mama Adolphine."

"Huyu hana kelele."

Mama Bibiane akataka kucheka, akajizuia, kwa sababu ukicheka umeshakubali. Lakini yule mama hakuwa na mzaha usoni. Alisema dirikta wa primere hapokei mtoto ambaye hakupita gardiene, na aliyepita hawezi kumkataa. Kaka zake Emérance walikwisha kuingia wote. "Huyu akikosa kupita kwako, kazi yake ni kugeuza ndagala kwa mchanga mpaka uzee wake. Sina lingine la kukuomba."

Basi Emérance akaingia.

Papa Adalbert alipomwona, alimwita Mama Bibiane kwenye biro, ofisi yake. Dirikta huyu alikuwa na tabia moja: akitaka kitu kwako, wewe ni Mama Bibiane; akikasirika, wewe ni Sitwayene, yaani Raia, kama redioni.

"Sitwayene, hapa ni gardiene. Haiko hospitali."

"Papa Dirikta, wewe njo uliniweka kwa semina."

"Semina ni semina. Kazi ni kazi. Mimi nilikuweka kwa semina sababu walisema kila masomo yatoe muntu mumoja, sikusema ulete mambo yao hapa." Akapangusa jasho. "Akae. Lakini siku komite ya wazazi itasema kitu, atatoka, na mimi sitakutetea."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kutia kichaa. Mama Bibiane alianza na lile neno la nyumba ya kila mtoto ionekane darasani. Aliwaambia watoto: kesho kila mmoja alete kitu kimoja cha kwao. Alifikiria kijiko, kipande cha wavu, kibuyu, kofia ya reli ya babu. Lakini mzazi wa Kalemie, masomo yakimwomba kitu kimoja cha nyumbani, anajua maana yake: inspekta yuko njiani na atakula. Asubuhi walikuja na kuku, na mihogo, na mawese kwenye chupa, na bata mmoja aliyefungwa miguu. Papa Adalbert aliwapokea langoni, akawashukuru mmoja mmoja kwa moyo wao wa kizalendo.

Mama Bibiane alishinda juma zima akizunguka nyumba kwa nyumba. "Ilikuwa kitu cha kuonyesha. Haikuwa cha kula."

"Kama haikuwa cha kula," aliuliza baba mmoja, "kwa nini dirikta amekula?"

Akaenda nyumba ya pili. Kwenye rafu ya darasa ulibaki unyoya mmoja wa bata.

Emérance naye aliuma. Wenzake wakianza wimbo, yeye anaona midomo inafunguka ghafla bila sababu. Wakisimama, amebaki chini. Wakitoka mbio kwenda uani, anakanyagwa mlangoni, na akikanyagwa anauma yeyote aliye karibu. Mara mbili alimuuma François, mtoto wa Mama Bertille, na Mama Bertille alikuwa mke wa mkubwa wa reli, mtu wa kuvaa viatu hata akienda chooni. Kila asubuhi Mama Bibiane alisema leo ndiyo mwisho, namrudisha kwao. Kila jioni alimwona Mama Adolphine akimngoja mtoto langoni na mikono yenye magamba ya samaki, na akasema basi, kesho.

Ufumbuzi ulitoka uani. Siku hiyo watoto walikuwa wakivutana kwa kamba, kundi kwa kundi, kila mmoja anavuta saa yake, makelele matupu. Emérance akatoka pembeni, akasimama mahali pa kuonekana na wote, akainua mkono mmoja juu kabisa. Watoto wa wavuvi, na walikuwa karibu nusu ya darasa, wakanyamaza papo hapo, kamba mikononi. Akaushusha mkono. Wakavuta wote pamoja, na watoto wa reli wakaanguka kifudifudi.

Mama Bibiane alikuwa ameyaona hayo mara mia pwani bila kuyaangalia. Wavu wa kukokota una kamba mbili, na watu wa kamba hii wako mbali sana na watu wa kamba ile. Sauti haifiki, ziwa linaimeza. Kwa hiyo wavuvi wa kutoka kaskazini wanasemezana kwa mikono. Mkono juu, kaa tayari. Ukishuka, vuta. Kiganja chini, legeza. Ngumi kifuani, ngoja, usiguse kitu. Mkono ukizungushwa juu ya kichwa, samaki wamejaa, kila mtu aje na chombo chake. Emérance alikulia kwenye mchanga ule. Hiyo ndiyo lugha aliyoletwa nayo, na ilikuwa lugha ya nusu ya darasa.

Tangu siku ile kazi ilibadilika. Mama Bibiane aliweka sheria moja: hakuna anayeanza mpaka mkono umeshuka. Hata kengele ikilia, hata dirikta akiita, hata kama umejua jibu na linakuwasha ulimini, unangoja mkono. Mkono unangoja Emérance aangalie. Watoto wa milimani, wa Kiluba, wa reli, wote walijifunza kwa siku chache, na wakaongeza zao: alama ya uji, alama ya mkojo, alama ya dirikta, ambayo ilikuwa tumbo. François aliyeumwa mara mbili ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi, Mama Bibiane alirudi nyumbani jioni akiwa na sauti yake.

Alifurahi kwa muda wa kama mwezi hivi.

Halafu Mama Bertille akaja, na viatu vyake.

"Mama mwalimu, umemufanya nini mutoto wangu?"

"François? François anaendelea vizuri sana."

"Jana nimemwita mara nne. Hajibu. Anaangalia mikono yangu kama muntu anangoja chenji. Baba yake naye ameita. Vilevile, mikono. Nikamwambia shika sahani, nikainua sahani, halafu akaja."

"Mama Bertille, ni namna yetu ya darasani. Tunangojana."

"Kwa nyumba ya Mama Cécile ni vilevile. Kwa mujukuu wa Papa Eugène ni vilevile. Watoto hawaongee tena, wanapunga. Tangu umeweka ule mutoto wa wavuvi kati yao." Akashusha sauti. "Uziwi inaambukiza, mama. Kila muntu anajua. Kama upele."

Mama Bibiane alieleza. Alieleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa kidogo, hata kwa kutaja Swidi. Kadiri alivyoeleza, mikono yake ilipanda na kushuka yenyewe, na Mama Bertille akaiangalia na kurudi nyuma hatua moja.

Komite ya wazazi ilikutana Jumamosi. Mwenyekiti wake, Papa Eugène, alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mtu mpole ambaye hakupenda ugomvi na kwa sababu hiyo alikubaliana na kila aliyesema mwisho. Aliyesema mwisho ni Mama Bertille. Wakaamua kumwita Ignace wa dispansere, zahanati ya mjini, aje kupima masikio ya darasa zima. Ignace hakuwa daktari, alikuwa mwuguzi, lakini alikuwa na muhuri, na hapa mjini mwenye muhuri hasahihishwi.

Siku ya kupima, wazazi walijaa mlangoni na madirishani. Mama Bibiane aliwaambia watoto asubuhi: leo kuna wageni, mufanye kama ninavyowafundisha, musinitie haya. Baadaye alitamani kujiuma ulimi kwa maneno hayo.

Ignace aliwaketisha watoto sakafuni, nyuso ukutani. Akamwambia Mama Bibiane asimame nje ya mlango, asije akawapa majibu. Kisha akaweka pipa tupu la mafuta katikati ya ghala, nyuma ya watoto, akachukua chuma, akapiga.

Kunguru waliruka kwenye bati. Mama mmoja dirishani aliangusha mtoto wa mgongoni, akamdaka. Darasani hakuna kichwa kilichogeuka. Mama Bibiane, kutoka mlangoni, aliona mabega yote yameruka, aliona vidole vya François vimejikunja, aliona kila mgongo umekaza kama kamba. Walikuwa wanangoja mkono. Walikuwa wema kuliko siku zote, na yeye angeweza kuwachapa.

Ila mmoja. Sakafu ya mbao ilimrusha Emérance matako juu, akageuka kuangalia ni mjinga gani anafanya hivyo.

Ignace akapiga tena, na tena. Kila mara Emérance aligeuka. Mara ya tatu alikunja uso.

"Nimemaliza," akasema Ignace, akapangusa mikono. "Hali ni mbaya kuliko mulivyofikiri. Wote wameshaharibika. Amebaki mumoja tu muzima, huyu musichana."

Mama Adolphine alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alifungua mdomo. "Huyu? Lakini huyu njo..."

Mama Bibiane aliweka ngumi kifuani. Hakujua kwamba atafanya hivyo. Ngumi ilikwenda yenyewe. Mama Adolphine aliiona, na kwa kuwa alizaliwa kwenye kamba, alifunga mdomo.

"Papa Ignace," akasema Mama Bibiane, akaingia ndani, "watoto hawa wanasikia. Wanangoja mukono."

"Mukono gani?"

"Mukono wangu."

"Mama, mimi nimepiga pipa. Pipa haina mukono."

"Acha nikuonyeshe." Akapita mbele yao, akainua mkono, akaushusha. Watoto wote wakageuka, wakaanza kusema mara moja kwamba pipa lilikuwa na kelele, na fulani alitaka kujikojolea. Mama Bibiane akamgeukia Ignace. "Umeona?"

"Nimeona," akasema Ignace kwa masikitiko, na akawageukia wazazi kama mtu anayefundisha. "Muangalie vizuri. Wanasikia kwa macho. Njo ugonjwa wenyewe."

"François," aliita Mama Bertille kutoka mlangoni, "baba, unanisikia?"

François akamtazama mama yake. Akautazama mkono wa mwalimu, uliokuwa umeinuliwa tena kwa hasira tu, bila maana yoyote. Akangoja.

Mama Bibiane akaushusha haraka.

"Ndiyo, mama," akasema François. "Nimesikia tangu zamani."

Mama Bertille akalia machozi. Ignace akapiga muhuri.

Kwa hiyo Jumatatu gardiene ilifunguliwa na mwanafunzi mmoja. Dispansere ilikuwa imesema wagonjwa wakae nyumbani, na mzima hawezi kufukuzwa. Papa Adalbert aliingia, akamwona Emérance amekaa peke yake katikati ya ghala, anakunja karatasi.

"Sitwayene," akasema, "nilikuambia atoke yeye, wabaki wengine."

"Papa Dirikta, miye sina muhuri."

"Unanichekelea?"

"Hapana. Hata nguvu ya kucheka sina."

Alipobaki peke yake na mtoto, Mama Bibiane alikaa chini na kufikiri. Ingetosha aende kwa Papa Eugène na kumwambia: huyu mlimwita mzima, ndiye hasikii; wengine ndio wanaosikia; mumeweka juu chini. Mama Adolphine mwenyewe angeshuhudia. Kesho yake darasa lingerudi lote, na Emérance angekuwa pwani anageuza ndagala. Alimwangalia mtoto. Mtoto akaweka ngumi kifuani, halafu akaonyesha viti vitupu, akauliza kwa macho. Wako wapi? Tunawangoja?

"Tunangoja," akasema Mama Bibiane kwa sauti, bila faida, akaweka ngumi naye.

Walioshindwa kungoja ni wazazi. Watoto wa miaka mitano wakikaa nyumbani mchana kutwa, wawe viziwi wasiwe viziwi, nyumba haikaliki. Papa Eugène alikwenda kwa Ignace kumwomba apime upya. Ignace alikataa: dispansere haipimi mara mbili kitu kilichopigwa muhuri, watu watasema nini. Ndipo Papa Eugène, kwa upole wake, akapata njia ambayo mwenye akili kali asingeipata. Kama hawezi kusema alikosea, kwani hawezi kuwaponya?

Ignace alipenda neno hilo. Watoto walipelekwa dispansere mmoja mmoja. Kila mmoja alitiwa tone la mawese ya vuguvugu kwenye sikio la kuume na la kushoto. Kisha Ignace alisimama nyuma yake na kunong'ona: nani anataka benye? Mama Bibiane hakuwepo, hapakuwa na mkono wa kungoja, na benye, maandazi ya moto, zilinukia kwenye sahani. Wote waligeuka. Wote wamepona. Sifa zake zilivuka mpaka Nyunzu, na watu walipanda treni kuja kutiwa mawese.

Emérance hakuitwa. Hakuwa mgonjwa.

Darasa lilirudi. Mama Bertille alikuja na François mwenyewe, amemshika mkono kwa nguvu.

"Amepona, tumushukuru Mungu. Lakini mama mwalimu, nimeona kitu kingine. Pale kwa Papa Ignace, wakigawa benye, François na wenzake hawakugombania. Wanangojana. Wa mwisho apate njo wanakula."

"Si vizuri?"

"Vizuri wapi? Kwa Zaire hii? Mutoto wa kungoja wengine atakula nini, mama?"

Mama Bibiane akamshika François mkono wa pili, akamwingiza darasani.

Mwisho wa mwaka watoto wakubwa walitakiwa kuhamia primere, na kila mmoja ilimpasa kuwa na neno la dispansere kwamba ni mzima. Emérance alikuwa nalo tangu zamani kuliko wote. Mama Adolphine alikuja ghalani jioni, watu wameshatoka, akakaa kwenye kiti cha mtoto.

"Mama mwalimu, tuseme ukweli ama tunyamaze?"

"Ukisema ukweli, hawatamupokea."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, mwalimu wake atamwita, hatajibu, na atapigwa. Watasema anasikia, hospitali imesema, ni kichwa ngumu tu."

Mama Adolphine alibandua gamba la samaki kidoleni. "Kwa hiyo kusikia ni fimbo, kutosikia ni ndagala."

"Njo hivyo."

"Na wale wazungu, kwa utafiti wao, wanasema nini hapo?"

"Hapo hawajafika, mama. Kwao mutoto akiwa kiziwi wanasema ni kiziwi, halafu wanamupokea. Hiyo ya kumupokea sababu wamefikiri anasikia, hiyo ni yetu peke yetu."

Mama Adolphine akasimama, akapangusa kitenge. "Fimbo inapoa," akasema. "Aende."

Mama Bibiane alijaribu lililobaki. Alikwenda kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, Bonaventure, kijana mwenye Kifaransa safi, akamweleza habari ya mkono. Inua, aangalie, shusha. Si kazi kubwa. Bonaventure alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, yule njo peke yake aliyesikia pipa. Miye nilikuwa pale dirishani."

"Bonaventure, mwanangu, nakuomba tu uinue mukono."

"Nitaona, mama."

Alitoka pale akajua hataona. Kwa hiyo akafanya jambo la kijanja, la mwisho alilokuwa nalo: akamwomba Papa Eugène, aliyesikilizwa hata primere, kwa kisingizio cha kupunguza kelele, François na Emérance wakae dawati moja. Papa Eugène akakubali, kwa kuwa safari hii Mama Bibiane ndiye aliyesema mwisho.

Emérance alipigwa mwaka wa kwanza wote. Mwaka wa pili alipigwa kidogo, kwa sababu François alikuwa anamwambia kila kitu kwa mikono chini ya dawati, na wengine wanne mbele yao walikuwa wanarudia. Bonaventure, aliyepanda nao mwaka wa pili, hakujua. Alijua tu kwamba yule binti ameacha ukaidi. Emérance alisoma mpaka mwaka wa nne, akajua kusoma, kuandika na hesabu, kisha baba yake Siméon akahamishia nyavu Zongwe na masomo yakaisha. Aliolewa huko na mvuvi. Ana watoto watatu, wanasikia wote.

François alipata kazi bandarini, akaipoteza bandari ilipokosa mizigo, sasa anauza betri. Mama Bertille na bwana yake walihamia Lubumbashi treni zilipopungua. Bwana alikufa huko. Papa Eugène alikufa Kalemie kwa uzee. Papa Adalbert alihamishwa Niemba na hakupenda. Bonaventure alikwenda kutafuta kazi Bujumbura na haikusikika habari yake. Ignace aliendelea kutibu masikio kwa mawese mpaka alipostaafu, na watu walimlilia alipoondoka.

Mama Adolphine alikufa kwa kipindupindu mwaka wa tisini na mbili.

Mademwazel Hélène hakurudi. Alituma kadi moja ya Noeli, ina picha ya theluji.

Mama Bibiane alifundisha mpaka vita ilipoangusha Zaire, na jina la nchi likabadilika. Bati la ghala liling'olewa, mbao za sakafu zikachomwa kuni. Yeye akarudi milimani Moba, kwa dada yake, akalima maharage. Alikuwa na watu wengi nyumbani, wajukuu na watoto wa wajukuu, na walisema kwamba kitu kimoja tu kilimuudhi: mtu kuanza kula kabla wengine hawajaketi.